Kijiti cha Kutafutia Maji, na Tofauti ya Kupata na Kujua

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye ambaye huteremsha mvua kwa kipimo, kisha akaihifadhi ardhini kwa manufaa ya waja wake. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Nimeletewa suala na ndugu zetu wa msikitini. Wamekusanya fedha za kuchimba kisima cha msikiti na chuo, na katika fedha hizo mna mapato ya wakfu, na mna sadaka za watu ambao shilingi moja kwao ni nzito. Mmoja wao ataka aitwe mtu mwenye kijiti cha panda, atembee uwanjani aonyeshe pa kuchimba. Wa pili amesema kuwa jambo hilo ni ushirikina, na mwenye kulitaka atubu. Wa tatu akasema si dini wala si kufuru, ni ufundi tu kama useremala. Wakabishana hata sauti zikapanda, kisha wakaniletea mimi.

Nami sitajifanya kuwa mgeni wa mas'ala haya. Nilipokuwa mwanafunzi, alikuja mzee mmoja mwenye heshima zake katika uwanja wa chuo chetu. Alikata kijiti cha mpera, akasoma Fatiha, akatembea polepole, na kijiti kikainama mbele ya macho yetu. Tukachimba hapo, tukapata maji matamu. Nikaamini, na imani hiyo ilikaa nami zaidi ya miaka thalathini. Kisha, miaka michache iliyopita, msikiti mmoja ulihitaji kisima, nikaulizwa rai yangu, nami ndiye niliyesema aitwe mtu wa kijiti. Aliitwa mwengine, akaonyesha mahali, pakachimbwa kwa mashine, maji yakatoka na watu wakapiga takbiri. Haukupita mwaka, maji yakageuka chumvi, hayanyweki wala hayapikiki, na fedha zilikuwa zimekwisha. Hakuna aliyenilaumu. Lakini mimi najua kuwa neno langu ndilo lililozipeleka fedha zile, na neno la mtu mbele ya mali ya wakfu ni dhamana. Basi suala hili limenijia kama deni, nami nataka kulilipa kwa kulichunguza sawasawa.

KIJITI HIKI NI NINI

Kijiti kinachosemwa ni kitawi chenye panda, mfano wa manati ya watoto. Mtu hushika ncha zake mbili kwa mikono miwili, viganja vimeelekea juu, akakikunja kwa nguvu, na ncha ya tatu ikatangulia mbele. Wengine hutumia nyaya mbili zilizopindwa, na wengine hutumia timazi inayoning'inia kwa uzi. Hutembea, na kijiti kikiinama, au nyaya zikikutana, au timazi ikizunguka, husema: "Hapa pana maji."

Watu wengi hudhani kuwa hii ni ilimu ya kale ya Waarabu, na kwamba kuikataa ni kukataa mambo ya wazee. Si hivyo. Waarabu walikuwa na ilimu waliyoiita riyafa, nayo ni kujua maji yaliyofichika kwa alama zake: harufu ya udongo, mimea iotayo juu yake, na mienendo ya wanyama. Na mwanzoni mwa karne ya 11 alikuwako Baghdad mwanahisabu mkubwa, Al-Karaji, aliyetunga kitabu kizima juu ya kuyatoa maji yaliyofichika. Humo ameeleza milima na mawe na mimea na namna za kupima mwinamo wa ardhi. Kwa ilimu ya namna hiyo ndugu zetu wa Oman wamechimba aflaji, mifereji ya chini kwa chini iletayo maji toka mbali, na hata leo aflaji zipatazo 3,000 zatumika. Tano katika hizo ziliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya turathi za ulimwengu.

Ama kijiti cha panda, khabari zake zilizo wazi zatoka kwa wachimba madini wa Ujerumani. Mwaka 1556 kilitoka kitabu cha Georgius Agricola juu ya madini, na ndani yake mna picha ya watu wakitembea na vijiti mlimani. Lakini huyo Agricola mwenyewe hakukisifu. Alisema kuwa mchimbaji mwenye akili na ujuzi hana haja ya kijiti, kwani ziko alama za asili za kumwongoza. Basi tazama: Mwislamu wa Baghdad na Mkristo wa Ujerumani, baina yao zaidi ya miaka 500, wote wawili wameelekeza jicho kwenye alama.

JE, NI KUFURU?

Jua ewe ndugu, ghaibu ni namna mbili. Iko ghaibu asiyoijua ila Mwenyezi Mungu peke yake, kama saa ya Kiyama. Na kiko kitu kilichofichikana na huyu na kikadhihiri kwa yule, kwa kuwa yule anayo alama yake. Tabibu hushika mkono wa mgonjwa akaijua homa iliyo ndani ya mwili. Nahodha hutazama rangi ya maji akaujua mwamba ulio chini. Mmoja katika hawa hakudai ghaibu ya Mwenyezi Mungu. Na maji ya ardhini ni katika namna hii ya pili. Basi yule ndugu wa pili, aliyesema kuwa kila mwenye kijiti ni mshirikina, amefanya haraka, na kumkufurisha Mwislamu ni jambo zito kuliko kukosa kisima.

Lakini akisema mwenye kijiti kuwa jini ndiye anayemwonyesha, au kuwa kijiti chajua mwizi ni nani, na mali iliyopotea iko wapi, huyo amekwisha kutoka katika maji na ameingia katika uarrafu. Na khabari ya mwenye kumwendea arrafu akamwuliza, kuwa sala yake haikubaliwi siku arubaini, ni hadithi sahihi iliyopokewa na Imamu Muslim. Tena Kurani, katika Suratul Maida aya ya 3 na ya 90, imeharimisha azlamu, nayo ni mishale waliyokuwa wakiitupa Waarabu wa Jahiliya ili iwaamulie mambo. Mti usio na akili hauamui jambo la mwenye akili.

Wala usidhani kuwa khatari hii ni ya maneno matupu. Mwaka 1692, katika mji wa Lyon huko Ufaransa, waliuawa muuza mvinyo na mkewe. Akaletwa mkulima mmoja, jina lake Jacques Aymar, mwenye kijiti, naye akafuata "nyayo" za wauaji kwa kijiti mpaka akamsimamia mtu mmoja mwenye kibyongo. Mtu huyo akahukumiwa akauawa. Baadaye Aymar alipelekwa Paris, akajaribiwa, akashindwa. Nasi watu wa pwani tusiwacheke Wafaransa. Ni mara ngapi imepigwa ramli nyumbani kwetu kwa ajili ya kikuku kilichopotea, akatajwa mtumishi au mtoto wa jirani, ikavunjika heshima ya mtu kwa sababu ya mistari ya mchangani?

Na katika mas'ala haya ya mistari ya mchangani wanavyuoni wetu wameacha kanuni kubwa. Imepokewa kuwa alikuwako Nabii katika Manabii aliyekuwa akipiga mistari, na mwenye kuafikiana naye basi ndiyo hiyo. Wako waliotaka kuifanya hadithi hii ruhusa ya kupiga ramli. Imamu Nawawi akaeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kuwa maana yake ni kinyume: uhalali umefungwa juu ya kuafikiana na mstari wa Nabii yule, na sisi hatuna njia ya kujua kwa yakini kuwa tumeafikiana, kwa hivyo haijuzu. Shika kanuni hii, maana tutairudia: jambo ambalo huna njia ya kulijua kuwa ni kweli, hulijengi amali juu yake.

JE, KINA UKWELI?

Sasa twende kwa yule ndugu wa tatu, aliyesema kuwa ni ufundi tu. Neno lake lina uzito kuliko ya wenziwe, kwani ikiwa ni ufundi wa kweli basi haukatazwi. Lakini ufundi hujulikana kwa nini? Huyu seremala akikuambia yeye ni fundi, wamwonyesha mbao naye huufanya mlango, ukafunga na kufunguka. Na mwenye kijiti je?

Katika madhehebu yetu ya Kishafi'i liko jambo linalofanana na hili hasa. Ni mas'ala ya qaifu, mtu ajuaye nasaba kwa kutazama maumbile. Mtume (S.A.W.) alifurahi pale qaifu mmoja alipoitazama miguu ya Zaidi na ya mwanawe Usama, rangi zao mbalimbali, akasema kuwa miguu hii yatokana na miguu hii. Kwa hadithi hii wanavyuoni wetu wamekubali neno la qaifu pale nasaba ya mtoto inapogombewa. Lakini hawakumkubali kila ajaye akasema "mimi ni qaifu". Wameshurutisha awe amejaribiwa. Na namna ya kumjaribu wameitaja katika vitabu vya fiqhi: huletwa mtoto katika kundi la wanawake ambao mamake hayumo, mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, kisha huletwa katika kundi ambalo mamake yumo. Akipata zote, ndipo aitwapo aliyejaribiwa.

Zingatia hekima iliyomo. Kwa nini mara tatu mama awe hayumo? Kwa kuwa mwenye kubahatisha, akijua kuwa mama yumo, atamtaja mmoja na huenda akapata. Lakini akiwa hajui kama yumo au hayumo, bahati haimfai. Mafakihi wetu hawakuridhika na "alipata siku moja". Walitaka kujua kama alipata kwa ilimu au kwa bahati, nao walifanya hivyo karne nyingi kabla ya watu wa zama hizi kuyapa majaribio kama hayo majina makubwa.

Basi na tuulize: mwenye kijiti amejaribiwa kwa namna ya qaifu? Naam, amejaribiwa, na zaidi ya mara moja. Mwaka 1990 katika mji wa Kassel, Ujerumani, walikusanyika wenye vijiti 30. Chini ya kiwanja sawa palifukiwa bomba, kina cha nusu mita, na maji yakawa yanafunguliwa mara na kufungwa mara. Kazi yao ilikuwa kusema tu: sasa maji yapita, au hayapiti. Wote waliyakubali masharti kabla ya kuanza, na walitumaini kushinda. Matokeo yakawa sawa na mtu anayerusha sarafu juu.

Kabla ya hapo, mwaka 1987 na 1988, wataalamu wa Munich walifanya jaribio kubwa zaidi. Walianza na watu wapatao 500, wakachagua 43 walioonekana bora, wakawajaribu mara 843 katika ghala la orofa mbili. Bomba la maji lilikuwa likisogezwa chini juu ya mstari wa mita 10, na mwenye kijiti yuko juu anaonyesha lilipo. Waliofanya jaribio wakasema kuwa wachache katika hao walionyesha kipaji. Lakini akaja mtaalamu mwengine, Jim Enright, akazipiga hisabu zile upya, akaandika mwaka 1999 kuwa hata yule aliyekuwa bora kabisa, kama angalikaa kitako na kusema kila mara "bomba liko katikati", khitilafu ingalikuwa milimita 4 tu katika mita 10. Nayo idara ya ardhi ya serikali ya Marekani ilikwisha kuandika mwaka 1917, katika kitabu cha Arthur Ellis, kuwa kuendelea kutoa fedha za umma kwa majaribio ya kijiti ni kuzipoteza.

MBONA HUINAMA?

Utasema: "Lakini mimi nimekiona kikiinama, na mzee yule hakuwa mwongo." Nami nakujibu: hakuwa mwongo. Hapa ndipo penye siri ya mas'ala yote.

Kijiti kilichokunjwa kwa nguvu ni kama mtego uliotegwa. Kifundo cha mkono kikigeuka kidogo sana, kiasi asichokihisi mwenyewe, ncha huruka chini kwa nguvu. Na mkono wa mwanadamu hufuata dhana yake bila ya kuamrishwa. Mkemia wa Kifaransa aitwaye Chevreul aliijaribu timazi juu ya nafsi yake mwenyewe, na khabari akaitangaza mwaka 1833: timazi ilizunguka alipokuwa akiitazama na kutazamia izunguke, na alipofungwa macho asijue kilicho chini yake, mwendo ule ukakoma. Mwaka 1852 tabibu wa Kiingereza, William Carpenter, akaueleza mwendo huo kuwa watokana na fikra ya mtu pasipo kusudi lake. Basi mwenye kijiti huona bonde, huona mti mbichi wakati wa kiangazi, moyo wake ukadhani, mkono ukatii dhana, na kijiti kikainama. Kisha akashangaa kama tunavyoshangaa sisi.

Hili lilinifunza jambo ambalo nalisoma tangu utoto bila ya kulifahamu sawasawa: ukweli wa moyo si ukweli wa khabari. Mtu huweza kuwa mkweli wa nia naye amekosa katika neno lake. Ndiyo maana wapokezi wa hadithi hawakuangaliwa uadilifu peke yake, bali uliangaliwa na udhibiti wao pia. Wangapi walikuwa wacha Mungu, na hadithi zao hazikupokewa kwa kuwa hawakudhibiti!

Utasema: "Na yale maji ya chuo chetu je? Si yalipatikana?" Nilimwuliza suala hili fundi wa visima, mtu aliyechimba kwa mikono yake maisha yake yote. Akacheka kwa adabu, akaniambia: "Sheikh, katika mtaa ule chimba utakapo, jikoni au barazani, kina ni kile kile." Nikaenda nikavihesabu visima vya majirani, nikaona kweli. Ardhi yetu ya pwani ni mchanga na mawe ya matumbawe. Mvua huzama humo, ikakaa kama sahani pana ya maji matamu iliyoelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji ya bahari ni mazito zaidi. Si mishipa membamba ya kutafutwa kwa ncha ya kijiti. Suala la pwani si "maji yako wapi", bali ni "matamu yafika kina gani, na yatahimili kuvutwa kiasi gani". Wataalamu wametoa kipimo: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, yako kama mita 40 ya maji matamu chini ya usawa huo. Basi ukiyavuta kwa pampu hata yakashuka mita moja juu, chumvi yaweza kupanda mita nyingi chini. Hivyo ndivyo kilivyoharibika kisima kile cha msikiti. Kijiti kilisema "maji", na maji yalikuwapo. Lakini kijiti hakikusema neno juu ya chumvi, na chumvi ndiyo iliyokuwa suala.

Utasema: "Huko Sri Lanka vilichimbwa visima 691 kwa msaada wa wenye vijiti, na 96 katika kila 100 vikatoa maji." Khabari hii iliandikwa mwaka 1995, nami siifichi. Lakini jiulize: vilichimbwa kando yake visima vingine 691 pasipo kijiti, tukalinganisha? Havikuchimbwa. Na mtu aliyezoea kuitazama ardhi akionyesha mahali, ni jicho lake lililopata au ni kijiti? Qaifu aliyejaribiwa katika kundi ambalo mama yumo kila mara bado hajajaribiwa.

Utasema: "Hata Uingereza, mwaka 2017, kampuni 10 za maji katika 12 zilikiri kuwa wako watumishi wao watumiao vijiti." Ni kweli. Na jambo kufanywa na wengi, au na wenye nguvu, tangu lini likawa ndiyo dalili? Hii ni taqlidi ya asiyestahiki kufuatwa.

Utasema: "Wenye vyombo vyao nao hukosea." Naam, hukosea. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa chini ya Turkana, mahali paitwapo Lotikipi, yamegunduliwa maji mengi kupita kiasi; kisha visima vya majaribio vikaonyesha kuwa maji yale yana chumvi. Lakini tazama tofauti: kosa lile lilijulikana kwa njia ile ile ya kupima, likaandikwa, watu wakalijua. Kijiti hakina njia ya kujua kosa lake. Kikipata husifiwa, na kikikosa husemwa kuwa siku ile palikuwa na mtu mwenye janaba, au mti ulikatwa saa mbaya.

KUPATA SI KUJUA

Wanafunzi wetu wadogo huisoma mas'ala ya vyombo viwili: kimoja kina maji tahiri, na kimoja kina maji yaliyonajisika, navyo vimechanganyika. Madhehebu yetu yataka mtu afanye ijtihadi, atafute alama, kama chombo kilichopungua au nyayo za mbwa, ndipo atawadhe kwa kile alichokidhania kuwa tahiri. Hafai kuchukua kimoja kwa kubahatisha tu. Kadhalika aliyesali bila ya kujitahidi kuujua wakati, sala yake hairudishwi kuwa sahihi kwa sababu tu iliangukia ndani ya wakati; yampasa airudie. Mtoto husoma haya akadhani ni ukali wa mafakihi. Sivyo. Sharia yatufunza kuwa mja haulizwi kama alipata tu, bali huulizwa alipitia njia gani.

Na hapa ndipo nilipojiona mimi mwenyewe. Siku ile niliyosema "aitwe", sikufanya ijtihadi. Sikumwuliza fundi, sikutazama visima vya majirani, sikuonja maji yao. Nilitegemea jambo nililoliona utotoni, nikaliita tajiriba. Lau maji yale yangalibaki matamu, watu wangaliniombea dua, nami ningalikuwa na kosa lile lile, ila lingalifichika.

KATIKA MAMBO YA LEO

Wala msiseme kuwa haya ni mambo madogo ya visima. Katika zama hizi zetu mtu mmoja wa Uingereza, James McCormick, alichukua utambi wa chuma uliofungwa juu ya mpini, usio na betri wala umeme, akauita ADE 651, akauuza kuwa ni chombo cha kugundua mabomu. Ulikuwa ni kijiti kile kile kilichovikwa nguo za kisasa. Kilipofunguliwa na wataalamu hakikukutwa ndani yake kitu cha kufanya kazi iliyodaiwa. Serikali ya Iraq ilivinunua kwa mamilioni ya dola, vikawekwa njiani mwa Baghdad. Askari akitembea nacho, mkono ukifuata dhana yake, kikigeuka ama kisigeuke, magari yakapita. Tarehe 25 Oktoba 2009 mabomu yaliua watu zaidi ya 150 katika mji huo. Mwaka 2013 McCormick alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Lakini vyombo vile viliendelea kutumika, mpaka baada ya bomu la Karrada, Julai 2016, katika kumi la mwisho la Ramadhani, lililoua mamia ya watu. Ndipo waziri mkuu akaamuru viondolewe.

Yule askari hakuwa mwongo. Mwongo ni yule muuzaji. Lakini baina yao wako watu wengi waliotia sahihi, nao hawakuomba jambo dogo: kifiche chombo kimoja cha baruti katika masanduku kumi, tuone. Jaribio la qaifu, la nusu saa, lingaliokoa roho ngapi?

HUKUMU YA FEDHA

Basi kwa muhtasari nasema hivi, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Mwenye kudai kuwa kijiti chamwambia ghaibu, au kuwa ana jini, haijuzu kumwendea wala kumlipa. Na ujira wa kahini umekatazwa kwa hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim. Mwenye kuitakidi kuwa ni nguvu ya asili tu, huyo si mshirikina, wala haijuzu kumtukana. Lakini amedai ilimu, na ilimu hiyo ilipojaribiwa haikuthibiti. Kumlipa kwa mali yako ni upotevu wa mali. Na kumlipa kwa mali ya wakfu au ya yatima ni khiana ya dhamana, kwani msimamizi hana ruhusa ya kutenda ila lile lenye maslaha yaliyo wazi. Na akisema, "Nilipeni maji yakipatikana tu," mwambieni: katika ardhi yetu maji hupatikana kila mahali, je, wakubali ulipwe yakibaki matamu mwaka mzima? Hapo mtamwona kama atakubali.

Ama mzee aijuaye ardhi, ajuaye udongo na miti na visima vya zamani, naye huchukua kijiti kwa mazoea tu, huyo mheshimuni, mketisheni, mwulizeni ayajuayo. Chukueni ilimu yake na kijiti kiwekeni kando.

Na kwa kisima chenu fanyeni haya. Piteni visima vyote vya jirani, mpime vina vyake, myaonje maji yake, wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Ulizeni fundi wa mikono. Kisha mwiteni mtaalamu wa maji ya ardhini, apitishe umeme mdogo ardhini na kupima namna ardhi inavyouzuia. Kwani maji ya chumvi huupitisha umeme kwa wepesi zaidi kuliko maji matamu, na kwa hivyo hujulikana kabla ya kuchimbwa. Ombeni kibali cha serikali, maana sheria ya maji ya Kenya ya mwaka 2016 na ya Tanzania ya mwaka 2009 zote zataka kibali. Msichimbe kina kupita kiasi, wala msifunge pampu kubwa kwa tamaa. Fedha za kupima zitawauma kidogo, lakini ni nafuu kuliko kisima cha chumvi.

Wala msidhani kuwa kutafuta sababu kwapunguza tawakali. Bibi Hajar alipoachwa bondeni na mwanawe, hakukaa kitako. Alipanda Safa akatazama, akapanda Marwa akatazama, mara saba, akitafuta dalili ya mtu au ya maji. Zamzam haikutoka chini ya nyayo zake. Ilitoka kwa fadhila ya Mola wake, baada ya yeye kufanya lililo juu yake. Nasi juu yetu ni kutazama. Maji ni ya Mwenyezi Mungu.

Nami kwa ile fedha ya kisima cha kwanza, nimeanza kuirejesha katika wakfu kidogo kidogo kutoka katika mali yangu. Sikuambiwa na mtu. Nimeitaja hapa ili mwenye kuulizwa rai yake msikitini ajue kuwa neno lina bei.

Namwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka, na awanyweshe watu wa mji wetu maji matamu. Amin.